Nusu ya Nailoni

Chumba cha kazi cha dada yako,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumatano, tarehe 9, saa nne na robo asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu Bisibisi,

Marahaba kwa ile shikamoo uliyoituma kupitia kwa mama yako mwezi uliopita. Niliipokea, nikaiweka niijibu kesho, ikapoa. Hujambo lakini? Kifua kimeacha kukusumbua? Na unakula, au unameza tu? Mama yako alinionyesha picha yako ya mwisho, shingo imekuwa ndefu kama ya jogoo anayetafuta njia ya kutoka bandani. Kula, mwanangu. Ugenini hakuna wa kukukumbusha.

Mimi ni mzima wa afya, ila hili goti la kushoto, lile nililoliumiza siku niliyobeba friji la bucha peke yangu hadi ghorofa ya nne. Mkaza mjomba wako anasema ilikuwa ghorofa ya pili na tulikuwa wanaume watatu. Yeye hakuwepo.

Kabla sijaendelea, ndani ya bahasha hii utakuta kitu kidogo nimekikunja kwenye karatasi ya chooni, safi, usiwe na wasiwasi. Usikikunjue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakujua, ulikuwa unafungua redio kabla hata haijazimwa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mdomo wangu hutangulia mbele, nikija kuufikia umeshauza uongo na umeshapokea sifa. Kalamu ni nzito kidogo, inaningoja. Mwandiko wangu unaujua, herufi zinatembea kama mbuzi waliokosa mchungaji. Zivumilie. Jirani yenu muuguzi anasafiri kesho kuja huko huko uliko, ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Sasa nisizunguke. Tangu jana wewe na dada yako hamzungumzi. Najua kwa sababu nilikuwepo, na nilikuwepo kwa sababu moto ule niliuwasha mimi. Ngoja kwanza nikaangalie namba.

Nimerudi. Sabini na moja. Nzuri. Nitakueleza.

Unakumbuka kompyuta uliyomuundia dada yako Rula kabla hujasafiri, ukaipachika kile kipozeo kidogo kilichokuja bure kwenye boksi la prosesa. Kwa kuchora mistari kilitosha. Lakini dada yako sasa hachori mistari tu. Amepata nafasi ya kushindania kuchora maktaba ya watoto, na waamuzi wanataka picha tatu zinazoonyesha jengo kana kwamba mpiga picha amekwenda mwaka ujao akarudi. Mwisho wa kupokea ni kesho saa tatu asubuhi. Miaka kumi na mmoja msichana huyu amechora nyumba za watu chini ya muhuri wa bosi wake. Hii ndiyo ya kwanza yenye jina lake mwenyewe. Ulimwona alivyolala na karatasi ya tangazo chini ya mto? Mimi nilimwona.

Basi kila akiiamuru kompyuta itengeneze hizo picha, inanguruma nusu saa kama mashine ya kusaga nafaka, halafu pu! kimya. Ukamwambia kwa simu kwamba prosesa inachemka, anunue kipozeo kikubwa. Ukamwandikisha maelekezo kwenye karatasi: aina ya soketi, yaani pale prosesa inapokaa, kimo kisizidi sentimita kumi na sita, na kazi ya kufunga aachiwe fundi wa kompyuta.

Fundi wa kompyuta! Bisibisi, mstari ule niliusoma mara mbili nikavua miwani. Mjomba Barafu yupo, miaka thelathini na mmoja kwenye mafriji, anaambiwa akae pembeni? Kuna friji nililitengeneza mwaka ule wa joto kali, likifunguliwa hadi leo jirani wa nyumba ya tatu anavaa sweta. Nimewahi kupoza chumba kizima cha nyama kwa pampu ya baiskeli na ukaidi. Sasa kitu chenyewe hiki, kidogo kama biskuti, ndicho kinishinde? Nikamwambia Rula, wewe chora, baridi niachie mimi. Akanitazama vile anavyotazama ukuta uliopinda. Lakini hakuwa na muda wa kubishana.

Jumamosi nikaenda duka la vipuri. Karatasi yako nilikuwa nimeikunja na kuitia chini ya mguu wa meza yetu ya kulia, kwa maana ilikuwa inayumba, na mkaza mjomba wako alikuwa ananisema. Kwa hiyo nilikwenda na kichwa changu tu. Muuzaji ni mama mmoja mwenye penseli nyweleni na miwani juu ya paji la uso.

"Nataka kipozeo cha prosesa," nikamwambia. "Kikubwa."

"Soketi gani?"

"Ya kawaida."

"Mzee, ya kawaida haipo. Hiyo ni kama kwenda kwa muuza viatu ukamwambia unataka saizi ya mguu."

Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nikampigia Rula, akanisomea soketi kutoka kwenye boksi la zamani. Akasema pia, mjomba, na kimo, usisahau kimo. Nikamwambia kimo nimekipima. Na kweli nilikipima, kwa shibiri yangu, nikapata shibiri moja isiyotimia.

Yule mama akanipangia aina tatu juu ya kaunta. Ya kwanza fupi, pana, feni imelala juu kama kofia. Ya pili mnara: mirija ya shaba inapanda kutoka kwenye sahani ndogo chini, inapenya katikati ya mapezi membamba ya bati, na feni imesimama ubavuni. Ya tatu ya maji, ina mabomba ya mpira na wavu wake wa pembeni. Hiyo ya tatu nilipoiona, moyo ulinidunda. Pampu, mabomba, wavu wa kutolea joto! Ni friji kabisa, sema limekonda.

"Ndani kuna gesi gani?" nikamuuliza.

"Maji, mzee. Yamechanganywa na dawa kidogo."

Nikairudisha kwenye kaunta taratibu. Hapo niseme ukweli wa kazi yangu, mpwa wangu, na sijisifu: miaka thelathini na mmoja nimelishwa na vitu vinavyovuja. Kila chenye bomba kina siku yake. Maji yakivuja kwenye friji unapiga deki, yakivuja juu ya kompyuta ya Rula unapiga mayowe. Na ile fupi ingepuliza hewa ile ile ya moto chini kwenye bodi. Nikachagua mnara. Hata yule mama aliinamisha kichwa, akasema nimefikiri. Kisha nikaharibu. Nilishika minara yote aliyokuwa nayo, mmoja mmoja kiganjani, nikachukua uliokuwa mzito kuliko wote.

"Kipozeo hakinunuliwi kwa kilo," akaniambia. "Kasha lako lina nafasi gani?"

"Kubwa."

Nikakifikisha kwa Rula, nikasema tayari, kumbe kina sentimita kumi na saba. Kifuniko cha kasha kikabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesikia bei. Nikapendekeza nikate tundu kwenye kifuniko kwa mkasi wa bati, ningelipiga msasa likapendeza. Rula hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mjomba, Jumatatu ukirudishe." Nikakirudisha. Yule mama hakuniuliza kitu, alinipa cha sentimita kumi na tano na nusu, mirija minne, feni moja, akaniandikia kimo kwenye mkono wa shati langu kwa ile penseli. Mkaza mjomba wako bado hajalitoa doa hilo.

Ngoja, feni imebadili sauti.

Hapana, ni pikipiki ya chini mtaani. Sabini na mbili. Imerudi sabini na moja. Siwezi kukaa, Bisibisi, kiti hiki kina miiba. Tangu nianze barua hii nimesimama mara tisa.

Kile cha pili nilikifunga Jumatatu jioni. Nilikifunga kwa heshima, kama kilivyotoka kwenye boksi, hakijaguswa hata na kidole. Nikapaka ile krimu ya kijivu ya kupitishia joto kiasi cha punje ya mbaazi kama boksi lilivyochora. Nikakaza skrubu kwa kupishanisha pembe, kama tunavyokaza kifuniko cha kompresa. Nikaiambia nyumba nzima, tayari. Kompyuta ikawaka, ikanguruma, ikazima. Dakika nane! Ya zamani, ile ya bure, ilikuwa inavumilia nusu saa.

Jana asubuhi nikafungua, nikakaza zaidi. Nikasema tayari. Dakika nane.

Hapa ndipo pabaya, na nitapaandika mara moja bila kupumzika. Jana mchana Rula aliniuliza kosa liko wapi. Macho yake mekundu, hajalala. Nami nilikuwa nimesema tayari mara tatu mbele yake, mbele ya mama yako na mbele ya fundi vioo wa hapa chini. Ningeweza kusema sijui. Neno fupi, herufi tano. Badala yake nikasema, "Kipozeo hakina kosa. Tatizo ni aliyeiunda. Bisibisi alikuuzia mbuzi kwenye gunia, hiyo prosesa ni mtumba alioupaka rangi." Nilisema kwa sauti ya mtaalamu. Niliinua hata nyusi.

Alikupigia pale pale. Uliyoyasikia uliyasikia. Mimi nilisikia upande wake tu, na nikasikia alivyosema, "Nilikuamini wewe kuliko duka," kisha akaitazama simu, akaelewa kwamba umekata. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, natafuna kijiti cha meno. Hata sikukohoa.

Na si hayo tu. Leo saa moja asubuhi ametoka kuchapisha michoro, kisha aende kwa bosi wake wa zamani, kuomba picha zitengenezwe kwenye kompyuta za ofisi yake. Miadi ni saa sita. Yule mzee atakubali, tena kwa tabasamu, lakini amekwisha sema sharti lake: muhuri wake ukae kando ya jina la Rula. Unajua maana yake. Muhuri ukishakaa kando, mwaka ujao unakaa juu, na mwaka wa tatu jina la dada yako ni la msaidizi. Alipotoka aliniambia neno moja, "Usiiguse." Akaniachia ufunguo kwa ajili ya kumngojea mtu wa mita ya maji.

Nikaigusa.

Sikuigusa kwa ujuzi, niliigusa kwa kukosa pa kuweka mikono. Nilizunguka meza, nikasoma tangazo la waamuzi, nikahesabu vioo vya chini, vipo arobaini na viwili. Mwisho nikaiwasha, kifuniko kikiwa wazi, nikaacha namba ya joto kwenye skrini ipande. Themanini. Tisini. Tisini na sita. Nikashika mirija ya shaba kwa vidole, nikijiandaa kuungua.

Ilikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa.

Hapo mjomba wako akaamka. Bisibisi, friji haliumbi baridi. Watu wanadhani hivyo. Friji linachukua joto mahali hapa na kulitupa pale. Ndiyo maana ule wavu mweusi wa nyuma unakuwa wa moto. Ukiona ndani kunachemka na wavu wa nyuma umepoa, usitukane kompresa, jua joto limekatiwa njia katikati. Prosesa ilikuwa tanuri na mirija ilikuwa imepoa. Kwa hiyo prosesa yako ilikuwa inatoa joto lake kwa uaminifu. Hakukuwa na wa kulipokea.

Nikazima. Nikafungua skrubu nne. Nikakigeuza kipozeo.

Wewe umekwisha jua, sivyo? Nakuona ukishika kichwa. Lakini nisikilize kwanza, uelewe nilivyofika pale. Katika kazi yetu, nailoni haivuliwi na fundi. Unamfikishia mtu friji jipya, unaliweka, unaliwasha, nailoni ya mlangoni unaiacha. Ni ya mwenye mali. Wengine wanaivua siku ya kwanza, wengine wanakaa nayo miaka sita mpaka inakuwa ya njano, wageni waone kwamba kitu ni kipya. Nilipokuwa naanza kazi niliwahi kuivua ya mama mmoja, nikadhani namsaidia, alinitoa nje kwa ufagio. Tangu siku ile mikono yangu ikiona nailoni inajirudisha yenyewe.

Basi pale chini ya kipozeo, kwenye sahani inayolala juu ya prosesa, palikuwa na nailoni. Duara, inang'aa, na maandishi mekundu ambayo Jumatatu niliyaona nikadhani ni jina la kiwanda. Krimu yangu ya kijivu ilikuwa imetandazwa juu yake vizuri kama siagi juu ya mkate. Siku mbili prosesa ilikuwa inabisha hodi, na mimi nimeiwekea pazia.

Nikaivua. Nikafuta yote, nikapaka upya, nikafunga, nikawasha. Saa mbili kasoro. Namba ikapanda sitini, sitini na tisa, sabini na moja, ikakaa. Mirija ikawa ya moto, ile nzuri, ya kuondoa mkono taratibu. Picha ya kwanza ilikwisha saa nne kamili. Nimeiona. Kuna watoto wamekaa kwenye ngazi wanasoma, na mwanga unaingia kwa pembeni. Nilitoka nikasimama koridoni kidogo.

Nikampigia Rula. Nikasema, "Tayari! Nimeitengeneza, usiende kwa yule mzee." Akasema, "Mjomba, hilo tayari nimelisikia Jumamosi, nikalisikia Jumatatu, nikalisikia jana." Akakata.

Ndipo nikachukua karatasi nikuandikie wewe, maana kwako angalau ningeweza kuanza. Nailoni ilikuwa mfukoni mwa shati. Nilikuwa nimeikunja nikisema nitaitupa njiani. Nani angejua? Ningesema niliikaripia mashine ikatii. Ningeongeza hadithi moja, ya pampu na baiskeli. Lakini saa ya duka la vioo, ile kubwa ya dirishani, naiona kutoka hapa, na sasa inasema saa tano na dakika ishirini. Mkono wake unakwenda mbio kuliko wangu. Neno langu limekwisha nguvu kwa dada yako, nimelitumia vibaya hadi limebaki ganda. Hakuna nitakalosema akaniamini.

Isipokuwa moja.

Ngoja.

Saa sita kasoro dakika kumi. Nimerudi, naandika kwa haraka, usishangae mistari hii ikipanda milima.

Nimempigia. Hakupokea. Nimepiga tena, na tena. Mara ya tano akapokea akasema yupo mlangoni pa ofisi, niseme haraka. Nikasema, "Nilisahau kuvua nailoni." Akauliza, "Nailoni gani?" Nikasema, "Ilikuwa chini ya kipozeo, niliiacha, nikafunga juu yake. Bisibisi hana kosa. Mashine yake ni nzima. Kosa ni langu, na jana nilikudanganya." Nilisema yote hayo bila kuweka friji hata moja katikati.

Nikasikia mlango wa ofisi ukifunguliwa na mtu akimwambia karibu ndani. Kisha nikamsikia akisema, lakini si kwangu, "Samahani mzee, nilikuja kukusalimu tu."

Akaniambia, "Mjomba, miaka yote nimekujua, hujawahi kukosea kitu. Leo ndiyo nakuamini." Akacheka. Halafu akauliza, "Bisibisi umemwambia?" Nikasema naandika. Akasema, "Andika vizuri."

Basi ndiyo hii.

Picha ya pili imekwisha nikiwa naandika mstari huu. Ya tatu imeanza, itamaliza saa nane, na Rula yupo njiani. Kunjua sasa kile kitu. Ni nusu ya nailoni, nimeikata kwa mkasi katikati. Hiyo krimu pembeni usiilambe. Nusu ya pili nimeilaza juu ya kibodi ya dada yako, na maandishi mekundu yanatazama juu. Mpigie simu. Usingoje akuanze, amekwisha ona aibu zake mwenyewe, na yeye ni rula, hapindiki kirahisi.

Nisamehe, mwanangu. Uliunda kitu kizuri, nami nikakisemea kibaya ili nisionekane mdogo. Nimekuwa mdogo hata hivyo, na bado napumua.

Nisalimie mwenye nyumba wako, na yule rafiki yako mpishi anayekukopesha koti. Mama yako anakusalimu, anasema vaa soksi. Babu yako anakusalimu, anauliza kama huko wanauza betri za kifaa chake cha masikio. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Hii habari bado sijamwambia, nampa leo jioni, na wewe niombee. Mungu akulinde, akupe marafiki wa kweli, na mikono yako isikose kazi ya heshima.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata siku niliyokukosea,

Mjomba Barafu

N.B. Nusu yako usiitupe. Siku utakayorudi ukinikuta sebuleni nawasimulia watu jinsi nilivyoiponya kompyuta kwa kuitazama tu, itoe mfukoni, uiweke mezani, usiseme kitu.